Tosa, Juu Yangu

Neno lenyewe nilikutana nalo mwaka 1978, nikiwa na umri wa miaka 22, karani mpya katika ofisi ya bima ya baharini mjini Mombasa. Kazi niliyopewa kwanza ilikuwa kupiga taipu hati za bima ya shehena. Kiingereza cha hati zile kilikuwa cha kale mno. Wenye bima wa Lloyd's mjini London waliukubali mfano wake mwaka 1779, na sisi, miaka karibu 200 baadaye, bado tulikuwa tukiinakili neno kwa neno. Katikati yake palikuwa na orodha ya mabalaa ambayo mwenye bima alikubali kuyabeba: bahari yenyewe, manowari, moto, maadui, maharamia, wezi. Na baada tu ya wezi, kabla ya barua za kuruhusu kuteka vyombo vya adui, lilikaa neno “jettisons”.

Mkuu wangu wa kazi aliniona nimesimamisha vidole.

“Hilo hulijui?”

“Silijui, bwana.”

“Ni kutupa mali baharini ili chombo kipone.”

“Ala,” nikasema, “kumbe ni kutosa.”

Aliniuliza kutosa ni nini, nami nikamweleza kama nilivyolijua kwetu Matondoni, kisiwani Lamu, ambako majahazi huundwa ufukweni na mtoto hujua majina ya viungo vya chombo kabla ya kujua kusoma. Kutupa ni kutupa tu. Watupa jiwe, watupa maganda ya embe, na ulichokitupa mwingine aweza kukiokota. Kutosa ni kukitia kitu majini kwa kusudi, kizame. Aliyetosa amekata tamaa nacho. Ndiyo maana neno hili halitamkwi ovyo chomboni, kama vile neno kuzama halitamkwi.

Tangu siku ile sijaliacha. Nimestaafu sasa, na daftari nililoanza kuandika mwaka ule limekuwa madaftari manne.

Kiingereza kilipata neno lake kwa Wafaransa waliotawala mahakama za Uingereza baada ya karne ya 11, na Wafaransa walilipata kwa Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kurusha. Ukoo wake ni mkubwa. Ndege ya jeti imo, kwa sababu hurusha hewa nyuma ndipo ikaenda mbele. Na lile gati la mawe linalosogea ndani ya maji, ambalo Waingereza huliita “jetty”, limo pia, kwa kuwa ni ujenzi uliorushwa kuelekea bahari. Kwa karne nyingi “jettison” lilikuwa jina tu, jina la tendo la kisheria. Ni katika karne ya 19 ndipo Waingereza walipoanza kulitumia kama kitenzi, na baadaye kila mtu akalichukua: chama cha siasa kikaacha sera yake, kampuni ikaacha bidhaa yake, na vyote vikaitwa kwa neno la nahodha aliyezidiwa na mawimbi.

Lina mdogo wake, “jetsam”, yaani mali yenyewe iliyotoswa. Majaji wa Uingereza walilitenga na vitu vinavyoelea tu baada ya chombo kuvunjika, na tena na vitu vilivyozamishwa vikiwa vimefungwa boya ili mwenyewe arudi kuvichukua. Kesi ya mwaka 1601 iliyomhusu Sir Henry Constable iliweka mipaka hiyo. Ilikuwa na maana kwa mabwana wa pwani waliotaka kujua nani achukue nini, ila kwangu mimi utamu wa neno hauko ufukweni. Uko chomboni, katika ile saa ambayo mtu mmoja lazima aamue mali ya nani iende.

Babu yangu aliipitia saa hiyo.

Alikuwa nahodha wa jahazi la Lamu. Kaskazi na kusi alibeba boriti, chokaa na makuti kwenda Mombasa, akarudi na vyakula na vitu vya dukani. Safari aliyoisimulia ilikuwa mwanzoni mwa kusi, kutoka Mombasa kwenda Lamu, chombo kimejaa magunia ya mchele na ya sukari, mabati, na saruji ya mwenye duka mmoja aliyekuwa akijenga. Wakapita Malindi salama. Walipoingia Ghuba ya Ungwana usiku, upepo ukageuka dharuba. Wakateremsha tanga, chombo kikaenda mrama. Maji yakawa yanaingia kwa shetri, na mabaharia wakayafua kwa zamu, lakini ngamani yalizidi kupanda. Chombo kilikuwa kizito, hakikuweza tena kuinuka juu ya wimbi. Kililipokea tu, kama mtu anayepigwa bila kuinua mkono.

Ndani alikuwamo abiria mmoja, mwenye sukari. Mwenye saruji alikuwa nyumbani kwake Lamu amelala.

“Tajiri,” babu akamwambia, “mali itatoswa. Nianze na ipi?”

“Saruji ndiyo nzito.”

“Saruji si yako.”

“Najua. Tosa. Juu yangu.”

Nilipokuwa mtoto nilidhani maneno yale mawili ya mwisho yalikuwa ushujaa tu, kauli ya mwanamume. Ilinichukua miaka mingi ya kazi kuelewa kwamba yalikuwa sheria.

Katika ofisi ya bima nilifundishwa asili ya jambo hili kuwa ni Rhodes, kisiwa cha mabaharia wa Kiyunani. Warumi walisema wameichukua sheria hiyo huko, nayo ikahifadhiwa katika mkusanyo mkubwa wa sheria uliotolewa kwa amri ya Mfalme Justinian mwaka 533. Msingi wake ni mwepesi kuueleza: mali iliyotolewa kwa ajili ya wote, hasara yake ibebwe na wote. Tuseme chombo na mali yote iliyomo ni thamani ya shilingi 6,000, na saruji iliyotoswa ni ya shilingi 600. Hiyo ni sehemu moja ya kumi. Kila mwenye mali atatoa moja ya kumi ya thamani ya mali yake, mwenye chombo naye atatoa moja ya kumi ya chombo chake. Hata mwenye saruji atachangia moja ya kumi ya saruji yake, kwa hiyo atapokea 540 badala ya 600, ili asije akawa yeye peke yake asiyepoteza kitu.

Mwanasheria Paulus, ambaye maneno yake yamo katika mkusanyo huo, alifuata hesabu mpaka mwisho. Je, pete iliyo kidoleni ichangie? Ichangie. Nguo? Nazo. Chakula cha safari? Hapana, kwa sababu chakula kikipungua kila mmoja hutoa chake kiliwe na wote. Na mtu huru aliyeokoka, roho yake ithaminiwe kiasi gani? Hapo Paulus alisimama: mwili wa mtu huru hauna bei. Nitarudi kwenye jibu hilo, kwa sababu lina upande wake wa giza.

Zama za kati mabandari ya Ulaya yaliongeza taratibu zao. Katika sheria za Oléron, kisiwa cha Ufaransa kilichokuwa kwenye njia ya meli za mvinyo, nahodha alitakiwa kwanza kuwauliza wafanyabiashara waliokuwamo. Wakikataa, na yeye akiona hapana budi, aliruhusiwa kutosa, ila akifika nchi kavu ilimpasa kuapa pamoja na baadhi ya mabaharia wake kwamba alifanya hivyo kuokoa watu, chombo na mali iliyobaki. Huko Barcelona mfanyabiashara mwenyewe ndiye aliyetakiwa kutosa kitu cha kwanza kwa mkono wake. Nikiisoma kanuni hiyo namwona mtu amesimama juu ya sitaha usiku, ameshika mzigo wake, watu wote wanamtazama.

Lakini sisi hatukuwa watu wa Oléron. Bahari yetu ilikuwa na vitabu vyake. Katika karne ya 10 Buzurg ibn Shahriyar, nahodha wa Kiajemi, alikusanya visa vya mabaharia wa bahari ya Hindi, vikiwamo vya nchi ya Zanji, yaani pwani yetu. Kimoja ni cha nahodha aitwaye Abhara, mtu wa Kirman aliyeanza maisha akiwa mchungaji. Chombo kilichotoka Siraf kikielekea China kilimkuta peke yake katika mashua, bahari imetulia kama mafuta. Wakamsihi apande. Akakataa mpaka wampe amri ya chombo na dinari 1,000. Alipopewa, jambo la kwanza aliamuru mali nzito yote itoswe, kisha mlingoti mkubwa ukatwe, kisha nanga ziachwe baharini. Hewa ilikuwa shwari. Fikiria wenye mali wanavyotazama bidhaa zao zikizama katika maji yasiyo na hata kiwimbi, kwa neno la mtu waliyemwokota. Siku chache baadaye dhoruba ilifika, na waliopona walijua kwa nini. Kisa hiki nakipenda kuliko vyote, kwa kuwa ugumu wa kutosa ni kutosa mapema. Ukingoja mpaka kila mtu akubali, umechelewa. Wazee walisema chombo cha kuzama hakina usukani.

Na fiqhi ilikuwapo. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafii, na kitabu kilichosomeshwa misikitini na kutumiwa na makadhi ni Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Humo, katika milango ya diya na dhamana, imo hukumu ya chombo kinachotaka kuzama. Inajuzu kutosa mali, na zikihofiwa roho za watu inakuwa wajibu. Lakini Nawawi hafuati njia ya Rhodes. Hasemi wote wachange. Anasema aliyetosa mali ya mwenziwe bila idhini atailipa. Na mtu akimwambia mwenye mali, tosa mali yako nami nina dhamana nayo, neno hilo limemfunga. Ila akisema tosa, akanyamaza, hadaiwi kitu.

Tofauti yote iko katika lile neno la dhamana. Kwa Kiarabu ni “alayya”. Kwa Kiswahili ni “juu yangu”.

Sasa rudi Ghuba ya Ungwana. Babu alikuwa amekaa chuoni, alijua anachokifanya. Mwenye saruji hayupo, hawezi kutoa idhini. Kwa hukumu, mdaiwa ni nahodha. Akiitosa saruji ameokoa watu, na amejitia deni ambalo mwenye chombo kidogo huenda asilimalize maisha yake yote. Ndiyo maana aliuliza, tena kwa sauti, mbele ya mabaharia. Alihitaji mtu wa kusema maneno yale mawili na mashahidi wa kuyasikia. Wakayasikia. Ndipo magunia yakaanza kwenda.

Kabla sijamaliza kisa hicho, sina budi kusimulia kingine, maana neno hili la Kiingereza lina siku yake ya aibu na haifai kulipamba.

Mwaka 1781 meli ya watumwa ya Liverpool, jina lake Zong, iliondoka pwani ya Afrika Magharibi ikiwa na Waafrika 442. Nahodha wake aliitwa Luke Collingwood. Walikosea njia karibu na Jamaica, watu wakawa wanaugua na kufa. Kwa desturi ya bima, mtumwa aliyekufa kwa maradhi alikuwa hasara ya mwenye meli, na aliyetupwa baharini kwa dharura alikuwa hasara ya mwenye bima. Tarehe 29 Novemba walianza: wanawake na watoto 54, wakasukumwa kupitia madirisha ya nyuma ya meli. Siku zilizofuata wakatupwa wanaume. Idadi ilipita watu 130. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa maji ya kunywa, lakini mvua ilinyesha katikati ya mauaji hayo, na meli ilipofika Jamaica tarehe 22 Desemba ilikuwa bado na galoni 420 za maji.

Wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila kichwa. Wakashinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama mjini London mwezi Machi 1783. Aliyeifanya habari isizikwe alikuwa Mwafrika, Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa yeye mwenyewe. Tarehe 19 mwezi huo alikwenda nyumbani kwa Granville Sharp, mpinzani wa utumwa, akamweleza. Mwezi Mei Jaji Mkuu Mansfield alisikiliza hoja upya, akakiri kwamba kesi ilikuwa imechukuliwa kana kwamba waliotupwa ni farasi, akaamuru isikilizwe tena. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuua.

Nilipoisoma kesi hiyo mara ya kwanza, nilirudi kwa Paulus. Alisema mtu huru hana bei. Palepale, katika maneno yanayofuata, alisema watumwa waliopotea baharini wasihesabiwe, sawa na waliokufa kwa ugonjwa ndani ya chombo. Kwa hiyo hata sheria ya kale, kwa ubaridi wake, isingewalipa wenye Zong. Lakini haikuwalinda waliokufa pia. Chuoni tulisomeshwa kisa cha Nabii Yunus, kwamba kura ilipigwa chomboni, ikamwangukia yeye, akaenda baharini. Katika kura kila aliyemo aweza kuangukiwa. Pale Zong hapakuwa na kura. Waliotosa walikuwa upande mmoja na waliotoswa upande mwingine, tangu chombo kilipong'oa nanga. Sisi wa pwani hii, ambayo soko lake la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, hatuna haki ya kuisoma habari hiyo kama ya wageni.

Desturi yenyewe ya kugawana hasara iliendelea. Wafanyabiashara na wanasheria walikutana York mwaka 1864, kisha Antwerp mwaka 1877, wakaandika kanuni ambazo hadi leo hutajwa katika hati za shehena zinazopita Kilindini na Dar es Salaam. Kanuni ya kwanza ni ya kutosa shehena. Na neno la Kiingereza linalotumika kwa hasara hiyo ya kugawana, “average”, wanaisimu wengi hulifuata kupitia “avaria” ya Waitaliano hadi “awar” ya Waarabu, yaani kasoro, mali iliyoharibika. Wastani ambao watoto wetu huukokotoa darasani ulianza hapo, katika kuigawa hasara ya bahari kwa kila mtu kadiri yake.

Siku hizi karibu hakuna kinachotoswa. Nani atanyanyua kontena kwa mikono? Lakini hesabu ni ileile. Meli ikishika moto, maji yanayomwagwa kuuzima yakiharibu shehena ya mmoja, au mashua za kuivuta zikikodiwa kwa fedha nyingi, wote huchangia. Meli ya Ever Given ilipokwama Suez mwezi Machi 2021, haikutupa hata kasha moja, na bado tarehe 1 Aprili wenyewe walitangaza kwamba wenye mali wote watashiriki gharama za kuinasua.

Ni kazi niliyoifanya kwa miaka zaidi ya 30, kuwaeleza watu jambo hilo kwenye kaunta. Namkumbuka mama mmoja mfanyabiashara wa mitumba. Meli ilikuwa imeshika moto njiani, lakini kontena lake lilifika Mombasa halina hata doa. Barua ikamwambia hataruhusiwa kulichukua mpaka atie saini ya kukubali kuchangia, na kwa kuwa hakukata bima, aweke fedha taslimu kwanza.

“Baba,” aliniambia, “moto ulikuwa kwa wengine. Mimi nimefanya nini?”

“Hujafanya kitu, mama. Umeokolewa.”

Hakuniamini, wala simlaumu. Mwenye shehena iliyomwagiwa maji hakumjua. Hawakuwa chomboni pamoja usiku. Sheria ilikuwa inamdai ujirani na watu ambao hatawaona kamwe, na barua ile, iliyoandikwa na wakubwa zangu kwa Kiingereza cha vitisho, haikumweleza hata robo ya hilo. Ningependa iwe imeandikwa vizuri zaidi. Niliomba, haikubadilishwa.

Mjukuu wangu huniletea lugha ya mjini. Juzi aliingia amenuna, akasema, “Babu, amenitosa.” Rafiki aliahidi kuja, hakuja. Kumbe Kiswahili kimekwenda njia ileile ya Kiingereza, kutoka shehena hadi mtu, na wala hakikuigiza. Vyombo viwili vimetoka bandari mbalimbali vikakutana kisiwa kimoja. Ila chetu kimefanya jambo moja zaidi. Magazeti husema fulani amejitosa kugombea ubunge. Kwetu mtu aweza kuwa mwenye mkono na mwenye mzigo kwa pamoja. Nilimweleza mjukuu hayo yote, akasikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtoto wangu aliyewahi kuniuliza: yule mwenye sukari alilipa?

Alilipa. Chombo kilifika Lamu kikiwa na mchele wote, mabati yote na sukari iliyosalimika. Mwenye saruji alimwendea babu, kama ilivyo haki yake, na babu akamtaja aliyejifunga na mabaharia waliosikia. Yule bwana hakukana. Hakuwa tajiri hasa, tuliita tajiri kila mwenye bidhaa. Alilipa kidogo kidogo, misimu miwili, kila chombo kilipofika.

Daftari la babu ninalo. Limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino umefifia na pembe zimeliwa na mchwa. Kuna ukurasa wenye idadi ya magunia ya saruji, na chini yake mistari ya malipo, mmoja baada ya mwingine, bila maelezo. Mstari wa mwisho una shilingi nane, kisha neno moja: “imekwisha”.

Niliuweka ukurasa huo mbele ya mjukuu. Herufi hajui kuzisoma, kwa hiyo alihesabu mistari kwa kidole.

“Kumi na nne,” akasema.

Nikahesabu naye tena, ilikuwa 14.